Mita Isiyojua Saa: Kanuni za Kuingiza Umeme wa Jua na Mito katika Gridi
Mhadhara kwa wakazi wa Ruring'u, Nyeri

Februari mjini Nyeri ni mwezi wa jua. Kufikia saa nne asubuhi mabati ya Ruring'u huwa yameshika moto, na paa lenye paneli za kilowati tatu huzalisha stima inayozidi mahitaji ya nyumba ambayo watoto wake wako shuleni na wazazi wako kazini. Julai mambo hugeuka. Gathano, majira ya baridi, huja na ukungu wake, manyunyu hayakatiki, na Mlima Kenya hupotea machoni siku nenda siku rudi. Paneli zile zile hutoa sehemu ndogo tu ya kile zilichotoa Februari. Lakini katika miezi yote miwili familia hiyo huhitaji stima zaidi kuanzia saa moja jioni: taa, maji ya kuoga, televisheni, pasi ya kunyoosha sare za kesho.

Mhadhara huu unahusu kanuni zinazoamua hatima ya ile stima iliyozidi mchana wa Februari: nani aipokee, kwa bei gani, kwa masharti gani ya usalama, na kwa muda gani mwenye paa aendelee kuidai. Hoja yake ni moja. Kenya imekwisha kuandika kanuni za kuwaruhusu wananchi kuingiza umeme katika gridi, na jambo hilo ni hatua kubwa. Ila kanuni hizo hazitambui saa ya siku wala majira ya mwaka, na kwa sababu hiyo zinamnyima mwenye paa haki yake na kuinyima nchi umeme pale inapouhitaji zaidi.

Kabla ya paneli, eneo la Nyeri lilijifunza somo hili kwa mito. Mto Gura huanzia juu katika Nyandarua, hudondoka kwenye mojawapo ya maporomoko marefu kabisa nchini, kisha hushuka kwa kasi kuelekea Othaya. Kampuni ya umeme ya KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, ilijenga huko mtambo wa karibu megawati 5.8 kwa ajili ya viwanda vya chai vya eneo hilo, vikiwemo Chinga, Iriaini na Gathuthi. Kiwanda cha chai hula umeme usiku na mchana: feni za kunyausha majani hazipumziki, mashine za kusaga hazipumziki. Lakini kuna saa majani huwa machache na mto hauachi kutiririka. Ziada ya saa hizo ndiyo huuzwa kwa Kenya Power, shirika linalosambaza umeme nchini.

Kuuza huko kuliwezekana kwa sababu ya sera ya bei maalumu ya serikali, iliyotolewa mwaka 2008 na kurekebishwa 2010 na 2012. Kabla yake, mwenye mtambo mdogo alilazimika kujadiliana na shirika la umeme tangu mwanzo, kifungu kwa kifungu, na mawakili pekee walitosha kumfilisi. Sera ilileta mkataba wa mfano kwa mitambo isiyozidi megawati 10, muda wa miaka 20, na bei iliyojulikana mapema. Kwa mitambo midogo ya maji, bei ya 2012 ilikuwa kati ya senti 8.25 na 10.5 za dola kwa kila yuniti, kulingana na ukubwa wa mtambo. Kiwanda cha chai cha Imenti, kule Meru, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuuza kwa mpango huo, kikiwa na mtambo usiofika hata megawati moja. Baada yake ilikuja mitambo ya North Mathioya katika Murang'a, Lower Nyamindi katika Kirinyaga, Gura, na Chania.

Inafaa kusema pia kwamba si kila mto uliobeba umeme ulibahatika. Huko Kathamba, Kirinyaga, mwaka 2001 wanakijiji walifunga mtambo wa kilowati 1.1 ukawasha taa katika nyumba 65. Hakuna aliyewawekea mlango wa kuingia katika gridi, kwa kuwa kanuni za wakati huo hazikuwaza kwamba mtu mdogo kiasi hicho angekuwa na cha kuuza.

Mlango wa watu wadogo ulifunguliwa na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Kifungu cha 162 kinasema kwamba mteja mwenye mtambo wa umeme usiozidi megawati moja anaweza kuomba mkataba wa kubadilishana umeme na mwenye leseni ya usambazaji. Miaka mitano ilipita kabla ya kanuni za utekelezaji kutoka, mwaka 2024, chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Miaka mitano ni muda mrefu. Katika kipindi hicho shule, hospitali, hoteli na mashamba ya maua yalijifungia paneli bila kuingoja serikali, na kufikia mwisho wa 2024 mitambo ya kujitegemea iliyosajiliwa nchini ilikuwa imepita megawati 500, karibu nusu yake ikiwa ya jua.

Utaratibu wa kanuni za 2024 ni huu. Mita ya njia mbili huhesabu stima inayoingia nyumbani na ile inayotoka. Kwa kila yuniti inayotoka, mteja huandikiwa salio la nusu yuniti. Akipeleka yuniti 100 kwenye gridi, anarudishiwa 50 katika bili yake. Halipwi pesa taslimu. Na salio ambalo halijatumika kufikia mwisho wa mwaka wa fedha hufutwa.

Wengi wakisikia habari ya nusu hukasirika hapo hapo. Hasira hiyo inaeleweka, lakini hesabu ina upande wa pili. Yuniti inayofika nyumbani haikubeba gharama ya kuzalishwa peke yake. Imebeba nyaya, nguzo, transfoma, mishahara ya mafundi wanaopanda nguzo mvuani, na umeme unaopotea njiani au kuibwa, ambao katika mtandao wa Kenya umekuwa zaidi ya tano moja ya umeme wote unaonunuliwa. Mwenye paneli hutegemea vitu hivyo vyote jua linapozama. Akirudishiwa yuniti nzima kwa yuniti nzima, sehemu yake ya gharama hizo itabebwa na mpangaji wa chumba kimoja asiye na paa lake mwenyewe. Katika Ruring'u, ambako wapangaji ni wengi, hilo si jambo la kupuuza. Nusu inaweza kutetewa kwa haki kabisa.

Kisichoweza kutetewa ni kwamba nusu hiyo ni ile ile saa saba mchana na saa mbili usiku.

Mahitaji ya umeme nchini Kenya yana sura inayojulikana na kila mhudumu wa chumba cha kuongozea gridi. Alfajiri huanza kupanda, mchana husimama katika kiwango cha kadiri, kisha kuanzia saa kumi na mbili jioni hupaa, na kilele hufika kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku. Februari 2025 kilele hicho kilifika megawati 2,316. Baada ya saa nne usiku huporomoka, na ifikapo saa nane usiku nchi huwa na umeme isioweza kuutumia: visima vya jotoardhi vya Olkaria huachilia mvuke hewani, na upepo wa Turkana wakati mwingine hukataliwa. Mwaka huo huo wa 2025 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba baadhi ya maeneo yalikuwa yakikatiwa stima kwa zamu saa za jioni. Kwa hiyo nchi ile ile ina uhaba saa mbili usiku na wingi saa nane usiku, na kati yake ni saa sita tu.

Watunga sera wanalijua hili vizuri. Desemba 2017 serikali ilianzisha bei maalumu ya usiku kwa viwanda: atakayetumia stima zaidi katika saa za mapumziko hupata ziada hiyo kwa punguzo la nusu. Mita za viwanda zikafundishwa kusoma saa. Maana yake ni kwamba Kenya Power inapouza hutambua kuwa stima ya saa nane usiku si bidhaa moja na stima ya saa mbili usiku. Inapopokea kutoka kwa paa la raia, tofauti hiyo haitambuliwi tena. Mtu wa Ruring'u aliyenunua betri kwa gharama kubwa, akahifadhi jua la mchana na kulitoa saa mbili usiku wakati mitambo ya mafuta inaunguruma Mombasa, huandikiwa nusu ile ile ya jirani aliyemwaga ziada yake saa saba mchana. Basi kwa nini anunue betri ya kuisaidia gridi? Kanuni yenyewe inamwambia asijisumbue.

Wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya hawangeandika kanuni ya namna hiyo. Katika vyama vya watumiaji maji vya Naro Moru na mito jirani, zamu ya mfereji wakati wa kiangazi hulindwa kwa ukali ambao hauna nafasi wakati wa masika, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba ndoo ya maji ya Februari ina thamani ambayo ndoo ya Mei haina.

Kuna watakaosema kwamba stima ya adhuhuri haina thamani yoyote kwa gridi. Nao pia wamekosea, na kosa lao linaonekana vizuri zaidi kutoka Nyeri kuliko kutoka Nairobi. Maji yanayozungusha mtambo wa Gura hujiunga na Thagana, kisha Tana, kisha huingia katika bwawa la Masinga, ambalo ndilo ghala la mfululizo wa vituo vitano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa pamoja vina uwezo wa karibu megawati 600. Mwendeshaji wa gridi akipata jua la kutosha mchana, anaweza kupunguza maji yanayopita Gitaru saa hiyo na kuyaachilia jioni. Bwawa linageuka betri, na hakuna aliyehitaji kuinunua. Thamani ya huduma hiyo hupanda sana Januari, Februari na Machi, jua linapokuwa kali na mito imenywea. Waliokuwa watu wazima wakati wa mgao wa umeme wa 1999 na 2000 wanakumbuka kilichotokea maji ya Masinga yaliposhuka mno: biashara zilifungwa, na nchi ikakodi jenereta za dizeli kwa bei ya kuumiza.

Kwa hiyo yuniti ya Februari kutoka Ruring'u huokoa maji, na yuniti ya saa mbili usiku huokoa mafuta. Zote mbili zinastahili zaidi ya yuniti ya saa sita mchana mwezi Mei, mabwawa yakiwa yamefurika. Kanuni ya 2024 inazihesabu sawasawa.

Halafu kuna ile tarehe ya kufuta salio. Mwaka wa fedha wa Kenya hufungwa tarehe 30 Juni. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyanda za juu za Kenya ya kati anaweza kuona tatizo bila kikokotoo. Mwenye paa hukusanya salio katika jua la Januari hadi Machi. Mvua za masika huja, salio linabaki. Gathano inaanza kubisha hodi mwezi Juni, na kabla haijaingia ndani, kalamu inapita juu ya salio lote. Julai na Agosti, miezi ambayo paneli zimelala na hita ya maji inafanya kazi zaidi kuliko wakati wowote, familia inaanza na sufuri. Huenda hakuna aliyekusudia hivyo. Tarehe ilichaguliwa kwa urahisi wa wahasibu, na anga la Nyeri halikuulizwa. Lakini matokeo yake ni kwamba kanuni iliyokusudiwa kumsaidia mtu kuvuka kutoka wakati wa wingi hadi wakati wa uhaba inamnyang'anya akiba yake mlangoni mwa uhaba wenyewe. Na athari hiyo haiishii Nyeri: gathano hufunika Murang'a, Kiambu na Nairobi pia, sehemu ya nchi inayotumia umeme mwingi kuliko zote.

Je, kanuni yenye majira inawezekana, au ni ndoto ya watu wasiojua ugumu wa kazi? Jibu liko ng'ambo ya mpaka. Tanzania ilipoanzisha utaratibu wake wa wazalishaji wadogo mwaka 2008, kwa mitambo isiyozidi megawati 10, bei ya kuiuzia TANESCO, shirika la umeme la nchi hiyo, ilitofautishwa kwa msimu. Kuanzia Agosti hadi Novemba, wakati wa kiangazi, mzalishaji alilipwa asilimia 120 ya bei ya kawaida, na miezi iliyobaki asilimia 90. Sababu ilikuwa ya wazi: mabwawa yakipungua, kila megawati inayotoka kwingine ni mkombozi. Kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, kilichoma makapi ya miwa na kuuza ziada. Mtambo wa maji wa Mwenga, wilayani Mufindi, megawati nne, ulianza kuuza mwaka 2012 huku ukisambaza umeme katika vijiji vilivyouzunguka. Mpango huo ulikuwa na matatizo yake, yakiwemo malipo yaliyochelewa, na mwaka 2015 bei zilipangwa upya kwa kufuata aina ya teknolojia. Hata hivyo ulithibitisha jambo moja: shirika la umeme la Afrika Mashariki linaweza kusoma kalenda katika mkataba na kulipa kwa kuifuata.

Bei ni nusu ya kanuni. Nusu nyingine ni nidhamu ya kiufundi, na hapa wenye paneli nao wana wajibu.

Gridi ya Kenya huendeshwa kwa masafa ya hezi 50. Mahitaji yakizidi uzalishaji, mashine kubwa hupungua kasi na hezi hushuka. Uzalishaji ukizidi, hupanda. Kupotoka kidogo huvumilika. Kupotoka zaidi huzifanya mashine zijitoe zenyewe ili zisiharibike, na kila inayojitoa huziongezea mzigo zilizobaki, mpaka nchi nzima inazimika. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe umeme wa nyumbani, hufuata amri kilizopewa kiwandani au na fundi: jitoe hapa, vumilia pale. Inveta moja haina madhara. Laki moja zenye amri moja mbovu ni hatari ya kitaifa.

Ujerumani ilijifunza hivyo. Kanuni zake za awali ziliziagiza inveta zote za jua kujitoa hezi zikifika 50.2. Agizo hilo halikuwa na ubaya paneli zilipokuwa chache. Paneli zilipofikia maelfu ya megawati, wahandisi waligundua kwamba alasiri moja ya jua kali ingeweza kuzitoa zote kwa sekunde moja. Mwaka 2012 serikali ililazimika kutoa amri ya kurekebisha mitambo zaidi ya 300,000 ambayo tayari ilikuwa juu ya mapaa ya watu. Uhispania ilipata somo lake tarehe 28 Aprili 2025, ilipozimika pamoja na Ureno. Ripoti ya serikali ilionyesha kwamba volteji ilipanda bila kudhibitiwa. Baadhi ya vituo vya kawaida vilivyopaswa kuishusha havikuishusha ipasavyo, na vituo vya jua na upepo vilikuwa vikifuata kanuni ya zamani ambayo haikuvitaka vishiriki katika kazi hiyo. Vilikuwa na uwezo. Kanuni haikuvipa jukumu.

Kenya ina kumbukumbu yake ya karibu zaidi. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote ilikuwa gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana ilikuwa imejitoa ghafla kwenye gridi ikiwa inazalisha megawati 270 hivi. Kampuni yenye mitambo ilieleza kwamba ilijitoa kwa sababu volteji ya gridi yenyewe ilikuwa imepita kiasi. Gridi ndogo kama ya Kenya haiwezi kupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya umeme wake kwa mpigo mmoja na kubaki imesimama.

Kutoka Turkana hadi paa la Ruring'u ni mbali, lakini kanuni ni za ukoo mmoja. Ya kwanza ambayo kila mwenye nyumba anapaswa kuijua ni hii: inveta iliyounganishwa na gridi lazima ijizime stima ya Kenya Power inapopotea. Wengi hulalamika wakidai wameuziwa kitu kibovu, maana jua linawaka na nyumba ina giza. Sababu ni fundi aliye juu ya nguzo. Yeye ameukata waya akiamini umekufa. Paa moja linalosukuma stima kutoka upande wa pili linatosha kumuua. Anayetaka taa wakati wa giza anahitaji inveta yenye betri inayojitenga kwanza na gridi, ndipo ihudumie nyumba. Na kazi hiyo si ya fundi yeyote mwenye bisibisi. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziligawa leseni za mafundi katika ngazi tatu, na mitambo inayounganishwa na gridi ni ya ngazi ya juu, T3. Vijana wanaotoka Nyeri National Polytechnic na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi wana soko hapa, wakishikwa mkono kupata leseni hiyo.

Basi kinachohitaji kubadilika si kingi. Salio la mteja liishi miezi 12 tangu mwezi lilipozaliwa, badala ya kufutwa lote Juni. Mahali ambapo hilo litawasumbua wahasibu, tarehe ya kufuta isogezwe hadi mwisho wa Oktoba, gathano ikiwa imekwisha na mvua za vuli zimeanza. Yuniti inayoingia kwenye gridi kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku ihesabiwe yuniti nzima, kwa kuwa wakati huo humwondolea mpangaji wa chumba kimoja gharama ya dizeli, haimwongezei. Nusu ibaki mchana. Na mita za njia mbili zinazofungwa sasa ziwe za kusoma saa, hata kama bei ya saa haijapitishwa, kwa sababu kuja kuzibadilisha baadaye, paa kwa paa, ni gharama ambayo Ujerumani imekwisha kuilipa kwa niaba ya wengine.

Njia ya kufikia hapo ipo katika sheria. Kanuni za 2024 zinaweza kurekebishwa na waziri bila kurudi kubadilisha Sheria ya Kawi yenyewe, na Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 inataka wananchi wanaoguswa wasikilizwe kabla ya kanuni kutolewa. EPRA hupitia bei za umeme kwa vipindi vya miaka mitatu mitatu, na hupokea maoni ya maandishi kutoka kwa mtu yeyote. Kipindi kilichoanza Aprili 2023 kiliwekewa mwisho wa Juni 2026. Barua kutoka Ruring'u ikiambatanishwa na bili mbili za nyumba moja, ya Februari na ya Agosti, itaonyesha kwa tarakimu kile ambacho tarehe ya 30 Juni inakifanya.